Bumbapu, trapu, drili ama gengetone: vesi yako ikae kwa biti gani?

Kuna kijana wa Nyalenda, huku Kisumu, alikuja studio juzi na vesi moja kwa daftari na biti nne kwa simu, akaniuliza, "Omera, nirekodi na gani?" Alikuwa amelipia masaa mawili tu na hizo pesa alikuwa amezitafuta sana, kwa hivyo sikutaka kumjibu ovyo. Hili swali nimeulizwa Kondele, nimeulizwa Kakamega, nimeulizwa Nakuru kule Bondeni, na kila mara naona shida ni ileile, mtu anachagua biti juu inavuma mwaka huo, anabeba mistari aliyoiandikia biti ingine kabisa, anaitema venye aliizoea, alafu ngoma inatoka ikisikika kama mtu anasoma taarifa ya habari huku muziki unacheza chumba ingine.

Marapa wakali hawafanyi hivyo. Biti ikibadilika, na wao wanabadilisha venye mdomo unafanya kazi. The Notorious B.I.G. alikuwa mtu wa kutema pole, mzito, kama anakuongelesha akiwa amekaa kwa kiti, lakini kwa albamu iliyotoka Machi 1997, siku 16 baada ya yeye kuuawa, ako na ngoma na Bone Thugs-n-Harmony, na hao ni watu wa kukimbia na kuimbaimba. Hakung'ang'ana na staili yake ya kawaida. Aliingia kwa kasi yao, akakata maneno yake upya, na bado ukisikia unajua ni yeye. Hiyo ndio kazi tunaongelea hapa.

Sasa kabla tulinganishe, tukubaliane tunapima nini, juu bila hivyo ni mashabiki tu wanabishana kwa base. Mimi naangalia vitu tano. Kasi na pumzi, yaani mapigo ni ngapi kwa dakika na utavuta hewa saa ngapi. Pahali maneno yanaangukia, hasa ukilinganisha na sneya, ile dramu kali inalia "ka". Sauti yenyewe, uzito wake na nguvu yake. Lugha unayoandika. Na pahali ngoma itapigwa, juu spika ya matatu na spika ya simu si kitu moja.

Ili tusiongee hewani, nitatumia mistari miwili ileile kwa kila biti:

Natoka Kondele na ndoto mfukoni
Mama yuko Kibuye anauza omena sokoni

Wa kwanza una silabi 13, wa pili una 17. Kumbuka hizo namba. Na kumbuka pia Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, yaani hatusemi natoKA, tunasema naTOka, konDEle, sokoni inakaza KO. Hii kitu ndogo ndio inaamua karibu kila kitu hapa chini, na ni watu wachache sana huku kwetu wanaifikiria wakiandika.

BUMBAPU

Hii ni ile ya New York ya mwisho wa miaka ya 80 na miaka ya 90, dum, ile dramu nzito ya chini, kwa pigo la kwanza, sneya kwa la pili na la nne, haijifichi. Kwetu ndio ilibeba Kalamashaka kutoka Dandora, Nairobi, na Ukoo Flani.

Kasi na pumzi: mapigo 85 hadi 95 kwa dakika. Kwa 90, mstari mmoja wa mapigo manne unachukua sekunde 2.7 hivi, na vesi ya mistari 16 ni kama sekunde 43. Si kasi, lakini inachosha juu hakuna pahali biti inakupumzisha, wewe ndio unaongea mwanzo mpaka mwisho na ukinyamaza kila mtu anaskia.

Maneno yanaangukia wapi: gawa kila pigo mara nne, unapata nafasi 16 kwa mstari. Silabi inayokazwa ya neno la mwisho inataka kugonga sneya ya pigo la nne. Kwa hivyo ko ya mfukoni inakaa pale, nafasi ya 13, na silabi ya mwisho, "ni", inafuata nyuma yake. Ukirudi nyuma ukihesabu utaona mstari wa kwanza unaanza nafasi ya pili, yaani unaacha dum ya kwanza igonge alafu ndio unaingia. Inapendeza sana hiyo, inasikika kama hauna haraka. Lakini mstari wa pili una silabi 17, na ukitaka ko ya sokoni igonge sneya hivyohivyo, lazima uanze nafasi tatu kabla mstari kuanza, na zimebaki mbili tu baada ya mfukoni. Utagongana na mwenyewe. Toa "yuko", sema "Mama Kibuye anauza omena sokoni", zinabaki 15, unahitaji nafasi moja tu na moja inabaki ya kuvuta hewa. Neno moja limetoka na vesi imepumua. Hivi ndivyo watu wanaandika kwa bumbapu, wanatoa maneno kama mtu anachambua mchele.

Sauti: ya kuongea. Rakim ndio alionyesha watu hii mambo miaka ya 80, kabla yake wengi walikuwa wanapiga kelele kwa maiki, yeye akatulia, akaanza kuweka vina ndani ya mstari badala ya mwisho tu, na alikuwa amepiga saksafoni akiwa kijana, unaiskia kwa venye anavuka mstari bila kusimama. Ukipayuka kwa bumbapu unasikika kama una hasira na biti.

Lugha: Kiswahili kirefu kinakaa hapa kuliko pahali pengine popote. Sentensi nzima, hadithi, jina la mtaa, methali. Dholuo pia iko sawa, Poxi Presha alirap Dholuo miaka ya 90 na watu wasiojua hata neno moja walimsikiliza.

Itapigwa wapi: redio, hedfoni, mtu amekaa peke yake. Na ata spika ndogo ya simu inaibeba juu sneya na sauti ziko juu, haitegemei besi sana. Kwa klabu ya Ijumaa, ngumu.

Inamfaa mwenye ana kitu cha kusema na ako tayari kukiandika mara tano. Haimfai mwenye anategemea korasi imwokoe.

TRAPU

Atlanta. Besi ya 808, ile nzito ya mashine ya midundo, na vile visahani vinalia tititititi. Biti imeandikwa 130 hadi 150 lakini kichwa chako kinatikisika kwa nusu ya hiyo, na hapa watu wanachanganyikiwa sana, kwa hivyo muulize prodyuza mapema "mistari 16 yako ni gani?" Kwa 140 ukihesabu kila pigo, mistari 16 inaisha kwa sekunde 27. Ukihesabu ile ya pole, ya 70, ni sekunde 55. Nimeona mtu amekuja na vesi nusu ya inayotakikana, masaa yake yakaishia kuandika ndani ya studio.

Kasi na pumzi: wewe ndio unachagua. Unaeza tembea, unaeza kimbia, na kubadilisha kati ya hizo mbili ndio utamu wenyewe. Khaligraph Jones anajulikana kwa hii, anakuwekea mistari ya pole, alafu anaongeza gia ghafla, alafu anarudi. Ukikimbia mwanzo hadi mwisho hakuna mtu ataskia kama umekimbia.

Maneno yanaangukia wapi: hapa nataka tukae kidogo. Ile flo ya silabi tatu kwa pigo, tripleti, iliyofanya Migos wajulikane 2013 na ambayo ilikuwa Memphis tangu miaka ya 90 kwa kina Lord Infamous wa Three 6 Mafia, inapendana na Kiswahili kuliko venye watu wanajua. Angalia majina yetu. Kondele, Manyatta, Nyalenda, Bondeni. Yote silabi tatu, yote yanakaza ya katikati. Sasa ukianza neno na pigo, ile silabi nzito inaanguka katikati ya fungu na flo inayumba. Anza silabi moja kabla ya pigo:

na | TO-ka-Ko | NDE-le-na | NDO-to-m | fu-KO-ni

Soma kwa sauti ukigonga meza kila penye kuna kamstari. Umeona? Naona watu wanaimeza kwa dakika moja wakionyeshwa. Mafungu matatu ya kwanza yanagonga kwenyewe, ni "mfukoni" inakataa juu ina silabi nne na mkazo wake unasogea. Hapo usilazimishe, vunja flo kimakusudi, ivute hiyo "mfukoooni" ipite juu ya pigo, alafu urudi kwa tripleti mstari unaofuata. Na kwa mtu wa Kakamega hii si kitu ya kigeni kabisa, isukuti, ile ngoma ya Waluhya, inaenda kwa mafungu ya tatu tangu zamani, mtoto ameicheza harusini kabla ajue Atlanta iko upande gani.

Sauti: nusu kuimba. Noti moja au mbili, na zile sauti za pembeni za kujaza mapengo, lakini ziwe za kwako, usiazime za wengine.

Lugha: Sheng inatawala juu inakata maneno. "Mfukoni" inakuwa "mfuko" na shida yetu ya juu imepungua nusu.

Itapigwa wapi: matatu zenye mziki mkubwa, gari. Kwa spika ya simu besi yote inapotea na unabaki na sauti yako na visahani, kwa hivyo isikilize kwa simu kabla ukubali miksi.

Inamfaa mwenye sikio lake la melodia liko sawa na anapenda kucheza na kasi. Mwenye hadithi ndefu yenye majina na tarehe atajikuta anaitoa vipandevipande.

DRILI

Ilianza Chicago, kama 2010 hadi 2012 na kina Chief Keef, ikaenda London kusini ikabadilishwa, ikarudi Brooklyn kwa Pop Smoke akitumia prodyuza wa London, 808Melo, na kwetu ikashikwa na Buruklyn Boyz na Wakadinali. Tunayoiita drili hapa ni hiyo ya London zaidi.

Kasi na pumzi: kama 140, na kwa mtu mgeni ndio rahisi kwa pumzi, juu vipande ni vifupi na mapengo ni sehemu ya muziki.

Maneno yanaangukia wapi: sneya inakudanganya. Kwa mstari mmoja inagonga pigo la tatu, kwa unaofuata inagonga la nne. Mtu wa bumbapu akiingia hapa anamaliza kila sentensi pahali pamoja na sneya inamkwepa kila mara ya pili, unasikia kabisa kama mtu anashuka ngazi gizani. Kwa hivyo mistari yetu tunaivunja:

Natoka Kondele.
Ndoto mfukoni.
Mama Kibuye.
Omena, sokoni.

Ya kwanza imalizie pigo la tatu, ya pili la nne, hivyohivyo. Na ile besi inayoteleza, iache iteleze, usiongee juu yake kila saa. Kunyamaza kwa drili ni mstari.

Sauti: chini, karibu na maiki, konsonanti kali. Si lazima uwe na sauti nzito ya kuzaliwa. Wakadinali wako watatu na kila mmoja ana sauti yake, kinachofanana ni venye wanakaa ndani ya biti bila kuisukuma.

Lugha: hapa ndio Dholuo inang'ara jamani, na sielewi mbona vijana wa Kisumu hawaitumii zaidi. Kiswahili kinamaliza kila neno na vokali, inaacha mlango wazi. Dholuo ina maneno mafupi yanayojifunga: rech, piny, chuny, nam. Weka "piny" kwa sneya ya drili uone, inakatika kama kisu. Gidi Gidi Maji Maji walionyesha 2002 nchi nzima inaeza imba neno lenye mzizi wa Kijaluo, "Unbwogable", bila kutafsiriwa.

Itapigwa wapi: TikTok, base, kwa hedfoni. Shoo ndogo yenye watu wako inawaka, lakini umati wa watu wasiokujua unaeza tulia tu ukikuangalia. Na bila besi nzuri, kama trapu, inabaki mifupa.

Inamfaa mwenye maneno machache mazito na utulivu. Ukiwa mtu wa kuchangamka itakubana. Na neno moja nataka kulisema bila kuzunguka: huhitaji kuimba visu na maadui usio nao ndio drili ikukubali. Biti haina hiyo sheria. Andika boda ya usiku, andika samaki wa Dunga, inashika.

GENGETONE NA ARBANTONE

Naziweka pamoja juu mwendo ni mmoja, ule wa dansohol ya Jamaica, dum kwa kila pigo alafu sneya inaingia kando, dum… ka-dum-ka. Genge ya kina Nonini na Jua Cali ilikuwa imetengeneza njia miaka ya 2000, 2018 Ethic wakatoka mtaa wa Umoja, Nairobi, Ochungulo Family na Sailors wakafuata, na kutoka kama 2023 arbantone ikachukua midundo na korasi za zamani ikazipika upya.

Kasi na pumzi: 95 hadi 105. Kwa 100, mistari 16 ni sekunde 38, lakini ni nani anatema 16 hapa? Nane, korasi, mwingine anaingia. Pumzi si shida ukiwa studio. Shida ni jukwaani juu unaruka. Na hapa nitasema kitu nimekiona kwa mwili wangu: Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru kama 1,850, na vesi niliyokuwa nazoea kumaliza bila shida Oile, hapa Kisumu, ilinikata nusu nikiruka Nakuru. Fanya mazoezi ukiruka, si ukikaa.

Maneno yanaangukia wapi: kwa jibu. Mstari wetu unageuka:

Natoka wapi? – Kondele!
Ndoto iko wapi? – Mfukoni!
Mama ako wapi? – Kibuye!
Anauza nini? – Omena!

Wewe unauliza, genge linajibu, na baada ya mara mbili umati unajibu. Rahisi kuandika vibaya, ngumu kuandika vizuri, juu kila neno lazima mgeni alishike mara ya kwanza.

Sauti: juu, ya kutabasamu, na sauti nyingi kwa korasi. Rekodi korasi na watu watatu kwa maiki moja, si wewe mara tatu, utaskia tofauti.

Lugha: Sheng ya mtaa wako, na uchukue neno la Nakuru ama la Kisumu, usiazime la Eastlands ya Nairobi. Kiswahili safi pia kinacheza. E-Sir, aliyefariki Machi 2003 kwa ajali akitoka shoo kule Nakuru, alikuwa anatema Kiswahili kinachoeleweka juu ya biti za kapuka za kucheza, kila neno linasikika na bado miguu haitulii.

Itapigwa wapi: matatu, klabu, harusi ya binamu, kila pahali. Spika mbovu haiiui.

Inamfaa kundi, na mtu anayelisha nguvu kutoka kwa watu. Wa peke yake atachoka.

SASA WEWE UKO WAPI

Kama tayari una vesi ndefu na kuitoa mstari kunakuuma, nenda bumbapu, usiipasue. Kama una korasi inayokuamsha usiku lakini vesi hakuna, gengetone, na utafute wawili wa kukujibu. Kama unaandika Dholuo na hujawahi kurekodi, jaribu drili kwanza, vipande vifupi vitakupa nafasi ya kuzoea maiki. Kama unaimba kidogo na kutema kidogo na hujui wewe ni nani bado, trapu inavumilia hiyo hali kuliko zingine.

Shoo iko wiki ijayo na hujui mitambo itakuwaje? Usibebe ngoma inayotegemea besi peke yake. Umepata biti YouTube imeandikwa ni ya bure? Soma masharti, mara nyingi ni bure ya mazoezi, si ya kuuza, na ngoma inaeza shushwa ikianza tu kushika.

Na kama pesa ni ya mara moja tu kama yule wa Nyalenda, fanya tulichofanya sisi. Tulikaa nje kwa ngazi na simu mbili, moja inacheza biti, moja inarekodi, akatema mistari minne ileile kwa biti zote nne, akibadilisha maneno kila mara biti ikikataa. Ilichukua kama dakika 40 na haikugusa masaa yake. Tukasikiliza. Kwa bumbapu alikuwa sawa. Kwa drili aliharakisha. Kwa trapu, mara ya tatu, aliingia silabi moja mapema kwa "Kondele", akasimama, akaangalia simu, akasema "ngoja, rudisha hapo." Tukarudisha. Alafu tukaingia ndani.